Bi Minza, Kunguru na Somo la Ngome

Kiumbe wa kwanza kunidharau kazini alikuwa kunguru. Nilikuwa nimevaa koti jeupe jipya lililonizidi mabega, na mabuti ya mpira ambayo bila shaka yalikusudiwa mwanamume mwenye miguu mirefu. Nilisimama kwenye machinjio ya Bariadi, kisu mkononi, najaribu kukumbuka nianze kukata tezi ipi, nikasikia wachinjaji wanacheka. Kumbe nyuma yangu kunguru alikuwa ameshavuta kipande cha ini nilichokitenga ili nikikague vizuri, na alikuwa anaondoka nacho kwa miguu. Hata kuruka hakuona sababu.

Nyinyi wadogo zangu wa idara ya mifugo mliniomba niseme machache siku mliponiaga. Nilisema asanteni nikakaa, kwa sababu pilau lilikuwa linapoa na niliona macho yenu yalikokuwa. Sasa nimestaafu, nina muda wa kusema na nyinyi mna hiari ya kutosoma. Vyeo na mishahara sitavigusa. Nataka kuwaeleza habari za kunguru, za mzee mmoja aliyenifundisha kazi, na za mama mmoja wa Itilima ambaye karibu tumpoteze.

Mzee huyo aliitwa Maduhu, alikuwa mkaguzi wa nyama. Alikuwa mtu wa maneno machache na kisu kikali. Kila asubuhi alininyang'anya kisu changu, akakipitisha kwenye ukucha wa kidole gumba, akanirudishia bila kusema kitu, na mimi nikajua nirudi kwenye jiwe la kunolea. Alinifundisha kuyaminya mapafu kwa vidole kabla ya kuyapasua, kulikata ini mahali ambapo minyoo bapa hupenda kukaa, kunusa kabla ya kutazama. Wachinjaji wakimharakisha kwa sababu mabucha yanasubiri, aliwajibu, "Ng'ombe ameshakufa, hana haraka. Nyinyi mnakimbilia wapi?" Nyama ikimridhisha aliigonga muhuri wa wino wa zambarau, tena kwa upole, kama mtu anayembariki mtoto.

Mimi ni mtu wa Kiloleli, kule Busega, karibu na ziwa, kwa hiyo machinjio yote waliniita mla sato. "Dada, huyu ana miguu minne, usimtafute mapezi," waliniambia kila ng'ombe alipoingia. Nilikasirika kwa muda, halafu nikajifunza kuwajibu, na nilipojifunza kuwajibu walianza kunishikia mapaja ya ng'ombe nikague bila kuombwa. Mabinti mnaoanza kazi leo, hilo lichukueni. Ukinuna watakutania mpaka ustaafu.

Kazi ikiisha, machinjio yakishaoshwa na nyama imeondoka, wachinjaji walicheza drafti kwa vizibo vya soda kwenye kivuli cha ukuta. Mzee Maduhu hakucheza drafti. Alitoa ubao wake wa plaiwudi na kete alizozichonga mwenyewe kwa pembe za ng'ombe, akacheza sataranji. Alifundishwa ujanani na daktari mgeni aliyekuja kuchanja mifugo, na mgeni alipoondoka mzee alibaki na mchezo usio na mwenzake mji mzima. Nadhani ndiyo maana alinipokea vizuri. Wachinjaji walikuja kutuchungulia, na kwa kuwa katika drafti mtu analazimika kula kete iliyo wazi, walipiga kelele, "Dada, kula! Mbona huli?" Nikala, mara nyingi, na nikajuta mara nyingi vilevile.

Kilichonikaa kichwani mpaka leo ni mwisho wa mchezo, pale ubao unapobaki mtupu. Siku moja nilikuwa na mfalme na ngome, mzee ana mfalme peke yake. Ngome ni ile kete inayokwenda moja kwa moja, mbele, nyuma na ubavuni, haina ujanja wa kona. Nikajua nimeshinda. Nikamfukuza mfalme wake ubao mzima, cheki, cheki, cheki, na yeye akawa anasogea tu hatua moja moja kama mtu anayekwepa matope. Mwishowe nikamsukumia pembeni kabisa, nikamziba kila mraba wa kukanyaga. Nikaegemea ukuta nikitabasamu.

"Umemshika?" mzee akauliza.

"Hana pa kwenda."

"Nimeuliza umemshika. Ngome yako inampiga?"

Nikatazama. Haikuwa inampiga. Ilikuwa imemzungushia boma tu.

"Basi hii ni sare, ng'wanone," akasema, na hilo ng'wanone, mwanangu, lilikuwa la huruma. "Mtu usiyemshika, ukamnyima na pa kukanyaga, humpati tena. Ngome haikimbizi. Inachora mstari ambao yeye havuki. Halafu mfalme wako mwenyewe anasogea karibu, taratibu. Na unamwachia mraba mmoja, ule unaoutaka wewe."

Sikujua kama alikuwa anazungumza juu ya sataranji au juu ya wachinjaji. Alipostaafu nilihamishiwa Ngulyati, na huko nikagundua kwamba alikuwa anazungumza hata juu ya kunguru.

Kunguru wa kwetu mnamjua, mweusi mwenye shuka jeupe shingoni na kifuani. Kwa mfugaji si ndege wa kupendeza. Anadonoa kidonda cha punda mgongoni hadi kinakuwa shimo, anabeba vifaranga, na mbuzi akizaa machungani, mtoto akichelewa kusimama, anamtoboa jicho. Niliwakuta watu wa Ngulyati wanamfukuza kwa mawe na makopo mchana kutwa, na yeye anasogea mti mmoja hadi mwingine. Nikawaambia waache kukimbiza, wachore mistari. Vifaranga vikae chini ya tenga mpaka viote mabawa. Kidonda cha punda kipakwe dawa na kifunikwe. Mbuzi mwenye mimba pevu asitoke zizini. Kondo la nyuma na matumbo vifukiwe siku hiyohiyo. Waliofanya hivyo kunguru aliwapungukia, akahamia kwa wasiofanya, na hao nao wakaja kuuliza.

Kwa kuwatazama miaka yote ile nilijifunza mambo mawili ambayo chuoni hawakunifundisha. La kwanza, kunguru anajua sura. Ukimtupia jiwe leo atakutambua baadaye ukiwa umebadili shati, na atawatangazia wenzake. La pili, hali chakula chote anachokiokota. Akishiba anaficha. Anasukuma kipande chini ya majani, kwenye ufa wa ukuta, kwenye nyasi za paa, anakifunika, anageuza kichwa kuona kama kuna anayemwona, kisha anaondoka. Vingine anarudi kuvichukua, vingine anavisahau kama sisi.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Lagangabilili, Itilima. Katika kitongoji kimoja nje kidogo ya pale kuna mfugaji anaitwa Shija. Ng'ombe wake alishindwa kuzaa. Niliitwa, nikajaribu nilivyoweza, ikashindikana, nikamwambia achinje kabla hajakata roho. Mnajua desturi yetu. Ng'ombe akianguka namna hiyo, majirani hawasubiri kualikwa. Wanaume wanakuja kuchuna, akina mama wanakuja na mabeseni, na hakuna anayerudi mikono mitupu. Mwenye ng'ombe akifunga lango, watu watauliza anaficha nini, na jibu watajitafutia wenyewe. Niliikagua nyama, ilikuwa safi, nikaigonga muhuri. Mapafu yalikuwa na majipu, nikayakataa, nikamwagiza Shija ayafukie. Akaitikia. Watu wakagawana, nikaondoka.

Muda si mrefu nikapigiwa simu na mwenyekiti wa kitongoji. Mbwa wanakufa. Kuku wanakufa. Kunguru wameanguka kutoka angani. Na wote, akasema kwa sauti ya chini, wanafia kwa Bi Minza.

Bi Minza alikuwa mjane wa makamo ya juu, anaishi peke yake. Watoto aliowalea walikwenda mijini. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni, kama ya kila mama anayepika ndani ya nyumba ya nyasi. Mnajua mkoa wetu. Mnajua mama wa namna hiyo akishaanza kutajwa kuwa mchawi kinachoweza kumfika. Nilipofika, kunguru mfu alikuwa juu ya paa lake na hakuna aliyethubutu kumshusha. Watu walisimama njiani, mbali. Niliwasikia vijana wakisema aondoke kabla jua la kesho halijazama, na mmoja akasema kuondoka ni kumhurumia. Niliogopa. Siwezi kuliandika hili kwa namna nyingine.

Nikapanda ngazi nikamshusha kunguru, nikampasua palepale. Ndani ya firigisi mlikuwa na kipande cha pafu, na harufu iliyotoka ilikuwa ya dawa ya pamba, ile ya kupulizia wadudu. Nikapekua nyasi za paa. Vipande vya pafu vilikuwa vimesokomezwa kila mahali, vingine vimeshaanguka uani ambako mbwa wa majirani hupita. Nikatazama kitongoji. Kila nyumba ilikuwa ya bati. Nyasi zilikuwa zimebaki kwa Bi Minza tu, na kwake hakuna mbwa wala mtoto wa kurusha mawe. Kunguru gani mwenye akili angeficha akiba yake kwingine?

Nikaenda kwa Shija. "Yale mapafu uliyafukia wapi?"

"Nilifukia, Daktari."

"Nionyeshe."

"Nilifukia," akarudia, na macho yake yakaenda kwenye zizi, ambako mbuzi wake wawili wachanga walikuwa vipofu kwa midomo ya kunguru.

Nikaelewa. Aliyatia dawa akawawekea kunguru. Na nikaelewa kwa nini hawezi kusema. Mtu aliyegawa nyama kitongoji kizima, akisimama na kukiri kwamba kuna sumu aliyoitia kwenye ng'ombe yuleyule, atasema nini tena ikasikika? Watu watashika matumbo yao. Watasema alitaka kuwamaliza. Nilitamani kumkaba. Badala yake nikakumbuka ukuta wa machinjio na ile sare yangu ya kijinga, nikamuaga.

Nilimwomba mwenyekiti awaite watu kesho yake asubuhi na asiruhusu mtu kumgusa Bi Minza kabla ya hapo. Alikubali, yeye na mkewe wakalala kwa Bi Minza, kumlinda. Mimi nikaenda kuchukua mapafu safi kwenye karo letu la kuchinjia, nikayakata vipande na kuvipaka wino wa muhuri mpaka vikawa zambarau tupu.

Asubuhi watu wakakaa kivulini kwa mwenyekiti, mahali panapoonekana kichuguu kilicho nyuma ya zizi la Shija na paa la Bi Minza. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa pembeni kwenye kigoda, peke yake, khanga kichwani. Nikaweka vile vipande juu ya kichuguu mbele ya wote. "Hivi havina kitu ila wino ule mnaouona buchani," nikawaambia. "Tuwatazame kunguru wanavipeleka wapi."

Tukakaa. Kunguru walikuja mtini, wakapiga kelele, hawakushuka. Jua likapanda. Mzee mmoja akasema, "Daktari, wageni wako wamekataa chakula." Watu wakacheka, lakini kicheko chenyewe hakikunipendeza.

Kisha Shija akainuka kwenda kunywa maji nyuma ya nyumba. Kelele zikakatika. Kunguru wakashuka mmoja mmoja, wakachukua, wakaruka navyo, wengine wakarudi kuchukua tena. Shija akarudi, wakapaa mtini na kuanza tena kelele, vichwa vimemwelekea yeye. Akahama upande wa pili wa kivuli, nao wakageuka naye.

"Mbona wanamlilia Shija?" mama mmoja akauliza.

Vijana walewale waliokuwa wanamtazama Bi Minza wakageuza shingo. Nikaona wanavyomtazama Shija, na nikaona mchezo unaharibika mikononi mwangu. Hawakuwa wamefikiria dawa ya pamba. Walikuwa wamepata mchawi mwingine tu. Shija naye aliona. Alikunja mikono, uso ukakauka, na nikajua kwamba akibanwa kwa neno moja zaidi atanyamaza mpaka kaburini, na Bi Minza atabaki alipokuwa.

Nikasimama upesi. "Kunguru anamkumbuka mtu aliyemfukuza," nikasema. "Hata mimi walinililia Ngulyati. Si uchawi, ni kinyongo. Shija ana mbuzi waliotobolewa macho, nani kati yenu asingewarushia jiwe?" Nikainua mikono. "Na jambo jingine. Ile nyama mliyogawana niliikagua kwa mikono hii, nikaigonga muhuri kabla haijatoka zizini. Mmeila wote. Mimi mwenyewe nilibeba ya kwangu. Kuna nyumba iliyougua? Kuna mtoto aliyeumwa tumbo?"

Wakatazamana. Hakuna.

"Basi nyama ile ilikuwa safi, na aliyeitoa aliitoa kwa moyo. Hilo liishe. Sasa mwenyekiti apande paa la Bi Minza."

Mwenyekiti akapanda. Akaingiza mkono kwenye nyasi, akautoa na kipande cha zambarau. Akautoa tena na kingine. Vidole vyake vilikuwa na rangi, akaviinua juu watu wote waone. Kipande cha tatu kilipatikana chini ya turubai lililofunika pamba ya mwenyekiti mwenyewe, na hapo watu wakacheka kicheko cha kweli.

"Kwa hiyo," nikasema, bila kumtazama mtu, "kuna mwenye uchungu na mifugo yake aliyewawekea kunguru dawa. Hakujua kwamba kunguru huficha. Wengi hawajui. Ningependa kumsikia, ili tujue vipande vingine tuvitafute wapi kabla mtoto hajaviokota."

Huo ndio mraba niliomwachia. Sikuwa na mwingine, na kama asingeukanyaga nilikuwa sina la kufanya.

Shija akaikunjua mikono yake. Kisha akasema, akitazama chini, "Ni mimi."

"Sema wasikie," mwenyekiti akamwambia.

"Ni mimi! Yale mapafu Daktari aliyoyakataa. Nilitia dawa ya pamba, nikayaweka kichuguuni. Nyama ya kugawa sikuigusa, jamani, hata wanangu waliila. Niliogopa mtasema nimewalisha sumu." Akaelekeza kidole nyumbani kwake. "Mbwa wangu mwenyewe amekufa."

Kulikuwa na mguno, kulikuwa na waliotukana, mmoja alidai mbwa wake. Lakini kile kitu kizito kilichokuwa kimekaa juu ya kitongoji kiliondoka, nilikihisi kinaondoka. Tukapangana kuokota vipande nyumba kwa nyumba na kuvifukia. Watu wakaanza kuinuka, wanajikung'uta vumbi, wanazungumza habari za mvua.

"Basi mama, yameisha," mwenyekiti akamwambia Bi Minza. "Twende kazini."

"Hayajaisha," Bi Minza akasema.

Hakuwa amesema neno tangu asubuhi. Wote wakasimama pale walipokuwa.

"Tangu mbwa wa kwanza afe hakuna mtu aliyenisalimia. Mmepita hapo njiani kwenda kisimani, mnatazama upande. Hata wewe, Nkamba, niliyekuzalisha." Mama mmoja akainamisha kichwa. "Sitaki mbuzi wa fidia. Sitaki mniombe msamaha. Nisalimieni."

Akaweka mikono juu ya magoti, akangoja.

Nkamba ndiye aliyekwenda kwanza. Akapiga magoti kwenye vumbi, akatoa salamu ya Kisukuma anayopewa mama. "Mwadila, mayu." Bi Minza akaitikia, akamuuliza habari za mumewe, za watoto, za shamba, yote, kama mtu mwenye siku nzima, na Nkamba akajibu yote. Ndipo akafuata mwingine. Mstari ukajipanga wenyewe. Vijana wale walikwenda wakiwa wamevua kofia. Nami nikaingia kwenye mstari, maana hata mimi nilikuwa nimepita na kupanda ngazi juu ya paa lake bila salamu. Jua lilihama, kivuli kikamwacha, hakuhama nacho.

Shija alibaki wa mwisho. Akaja, akainama, mikono miwili mbele. "Mwadila, mayu."

Bi Minza alimtazama kwa macho yake mekundu, akamwacha ameinama. Kisha akamwitikia, na akaanza kumuuliza hali za watu wa nyumbani kwake, mmoja mmoja, kwa majina.